Mwanamke Asiye na Siku ya Jina

Ng'ombe akifa katika vilima vya Orlitsa, nchini kwa Wabulgaria, mwenyewe hulia kidogo, hutukana kidogo, kisha humpigia simu Gyulshen. Mbuzi vilevile. Hata punda mzee aliyechoshwa na dunia akajitupa bondeni, ni wa Gyulshen. Naye huja na pikapu yenye winchi, huufunga mzoga mnyororo miguuni, huuvuta hadi nyuma, huutupia turubai, na kupanda nao mlimani hadi kwenye uwanja wa mawe uliozungushiwa uzio. Huko tumbusi humngoja wamejipanga juu ya miamba, mabega yamewainama, kama wajumbe wa baraza ambalo mwenyekiti wake amechelewa.

Kazi hiyo ni ya Chama cha Kulinda Tumbusi. Zamani wachungaji walikuwa wakipaka sumu kwenye mizoga ili kuua mbwa mwitu; mbwa mwitu wakawa wanapona, tumbusi ndio wakafa. Gyulshen aliwageuza wachungaji hao mmoja mmoja, kwa Kituruki, akiwa amekaa kwenye vibaraza vyao akinywa maziwa yao ya mgando na kuwasikiliza wakiwalaani wakwe zao. Aliwaambia tu kwamba akifa mnyama wampigie simu, atakuja, na hawatahitaji kuchimba shimo. Mchungaji gani anapenda kuchimba shimo? Sumu ikakoma, tumbusi wakarudi, na mbingu ya Orlitsa ikawa na mabawa tena.

Kwa kazi hiyo Gyulshen ananuka, na hakuna adabu ya kulisema jambo hili kwa njia nyingine. Anaoga, anajisugua kwa sabuni na majivu, anajipaka maji ya waridi, halafu ananuka waridi lililokufa. Mumewe Sabri, mtu mnene mpole anayelima tumbaku na kupenda kula, huwaambia watu kwamba aliposa msichana akaletewa machinjio. Husema hivyo akiwa mbali kidogo na mkono wa mkewe.

Wenye Chama walikuwa wengine. Mkurugenzi alikuwa Dokta Haralampi, bingwa wa ndege, mtu mwema wa kweli ambaye kinda likianguka kutoka kiotani hushindwa kula siku nzima. Nevena alishika hesabu na birika la kahawa. Spas, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la jiko, alipiga picha. Dokta Haralampi alikuwa baba yake wa ubatizo. Na kulikuwa na Demir, Mroma, au Mjipsi kama wengi wanavyosema, kutoka ng'ambo ya reli, ambaye kazi yake ilikuwa kufanya kila kilichobaki.

Majira ya baridi yale mkuu wa kituo cha tumbusi alistaafu akahamia kwa binti yake, na kiti chake kikabaki wazi. Gyulshen alikitaka kiti kile. Hakukitaka kwa mshahara tu, ingawa mshahara nao si dhambi. Kila walipokuja wageni au watu wa magazeti, aliombwa kwa upole aisogeze pikapu, isitokee kwenye picha. Na ilipo pikapu ndipo alipo yeye mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa amesogea. Alitaka mara moja tu mgeni aje, aulize ni nani mwenye kazi hii, naye asimame asisogee. Na wote walikuwa wakimwambia kwamba kiti ni chake, ni suala la siku tu.

Siku yenyewe ikawa ya kumi ya Februari, na yeye hakuwapo.

Huko siku ya jina ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Kila mtakatifu ana tarehe yake, na kila aliyepewa jina la mtakatifu huyo huandaa meza. Sheria ya meza hiyo ni moja: haalikwi mtu. Mlango huachwa wazi, na anayekupenda anakuja mwenyewe. Tarehe kumi Februari ni ya Mtakatifu Haralampi, mlinzi wa nyuki, kwa hiyo mezani kwa Dokta kulikuwa na mkate wa asali, na baada ya mkate rakia, pombe kali ya matunda, na baada ya rakia kukawa na hekima. Mtu mmoja akasema, mbona hicho kiti asipewe Spas? Kijana, anajua kompyuta, ana ndevu. Wakagonganisha glasi. Asubuhi hakuna aliyekumbuka nani alikuwa wa kwanza kusema, ila wote walikumbuka kwamba wamekubaliana.

Gyulshen alipata habari hizo kutoka kwa Nevena, kando ya birika la kahawa, na mara ya kwanza alidhani ni utani.

"Lakini bado hakijafanyika kikao," akasema.

"Kikao kitafanyika. Kitathibitisha."

"Kithibitishe nini, kama hakijakaa?"

Nevena akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea. "Dada, nawe kwa nini hukuja? Kila mwaka huji. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Hakuna aliyenialika."

"Hakuna anayealikwa."

Gyulshen aliijua sheria hiyo tangu utotoni, nani asiyeijua? Lakini kuna milango isiyo na kufuli ambayo ni migumu kuliko ya chuma. Ukiwa mtu wao, mlango ulio wazi unakuita. Ukiwa si mtu wao, mlango uleule unakutazama. Mwaka wake wa kwanza katika Chama alivaa gauni lake la harusi za watu, akapika baklava, vitamu vya lozi na asali, sinia zima, akaenda hadi getini kwa Dokta Haralampi. Akasikia vicheko ndani. Akangoja labda atatoka mtu kuvuta sigara amwone, amwambie, "Aa, Gyulshen, ingia." Siku hiyo hakuna aliyevuta sigara. Akarudi, na baklava yote ikaliwa na Sabri ndani ya pikapu, hapo hapo barabarani, kwa huzuni kubwa na bila kubakiza. Toka hapo wao walisema Gyulshen anajitenga, na yeye alisema hawamtaki, na kila upande ulikuwa na ushahidi wa kila mwaka.

Sasa wiki ileile, kama vile mbingu zina mcheshi wao, wafadhili wakauliza Chama kinafanya nini kuhusu usawa na kuwashirikisha watu wa jamii zote. Dokta Haralampi aliposikia aliguswa sana. Aliunda Kamati ya Usawa siku hiyohiyo: yeye mwenyekiti, Nevena katibu, Spas mjumbe. Wakakaa, wakakubaliana kwamba usawa ni jambo zuri. Wakakubaliana tena. Ndipo Nevena akaona kwamba kila usawa wanaoupata ni wa kuwasawazisha wao kwa wao, na wakamtuma Spas akamwite Gyulshen.

Walimweka kiti cha katikati, cha heshima, kando ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya hewa safi. Nje theluji ilikuwa ikianguka, na kidogo yake ikawa inaanguka ndani pia, juu ya bega la Gyulshen.

Dokta Haralampi alisema kwamba wamejichunguza na wameona kasoro. Maneno hayo yalimpa Gyulshen matumaini, akakaa vizuri. Dokta akaendelea kusema kwamba wote katika chumba kile wana siku ya jina isipokuwa yeye, na kwamba hilo linamtenga na furaha ya wenzake, na Kamati imeamua kulirekebisha.

"Kwani zamani hukuwa na jina jingine?" akasema, uso wake ukiwaka wema. "La shuleni. Yordanka. Jina zuri, na siku yake ni kubwa, Januari, ya ubatizo mtoni. Tungekuandalia meza hapa hapa ofisini kila mwaka. Keki juu yetu."

Nevena aliacha kuandika.

Gyulshen alikuwa darasa la kwanza majira yale ya baridi ambayo serikali iliamua kwamba nchini hamna Waturuki, kuna Wabulgaria waliosahau. Vijiji vilizungukwa, na kila mtu akapewa jina jipya, hata wazee, hata waliokwisha kulala makaburini. Gyulshen akalala Gyulshen, akaamka Yordanka. Mwalimu alipokuwa akiita Yordanka yeye alikuwa akitazama dirishani, akimsubiri pamoja na wenzake huyo Yordanka aitike, mpaka mwalimu akaandika kwamba mtoto ana tatizo la masikio na akapelekwa hospitali. Daktari wa masikio, Mturuki mwenzao ambaye naye siku hizo aliitwa Asen, alimchungulia sikio la kulia, akamchungulia la kushoto, akasema mtoto anasikia vizuri mno, na huo ndio ugonjwa wenyewe. Baada ya miaka michache serikali ile ilianguka, majina yakarudi, na watu wakafanya kile ambacho watu hufanya: hawakulizungumzia tena. Dokta Haralampi mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alijua. Alikuwa anashughulika na mayai ya tai.

Nami nasema hivi: mtu hahitaji kuwa mwovu ili akuumize. Inatosha awe mwema na asiwe ameuliza.

"Dokta," akasema Gyulshen, "jina lile liliingia nyumbani kwetu na askari watatu. Baba alitia sahihi akiwa amesimama, kwa sababu kiti alikikalia askari. Leo wewe umeniletea na keki. Kwa keki nashukuru."

Spas, ambaye alizaliwa baada ya mambo hayo na hakufundishwa popote, akauliza, askari gani? Dokta Haralampi alikuwa mwekundu hadi kwenye upara. Gyulshen akasimama, akapangusa theluji begani, akafunga dirisha, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akatoka.

Nyumbani alimsimulia Sabri akiwa anakata vitunguu, na vile vitunguu vilikatwa siku ile kuliko siku zote. Sabri alishauri waachane nao. Tumbusi wapo, mizoga ipo, kiti ni mbao tu. Gyulshen akasema hapana. Mlango si uko wazi? Haalikwi mtu? Basi ataingia. Ataingia kila mlango wa kila mtakatifu katika kalenda yao, na watamwona, na kiti chake atakitaja mbele ya kila sahani.

"Peke yako?" akauliza Sabri.

"Na wewe."

Sabri alitafakari wajibu wake kama mume. "Kama ni kwa ajili ya haki," akasema, "siwezi kukataa."

Hivyo ndivyo mapambano ya usawa yalivyoanza Orlitsa. Siku ya Mtakatifu Todor, watu wanapokimbiza farasi, waliingia kwa Todor daktari wa mifugo, mwanachama wa zamani wa Chama, wakamkuta na ukoo mzima. Todor alipigwa na butwaa, akafurahi, akafungua madirisha. Ilikuwa Kwaresima, nyama hakuna, Sabri akala maharage sahani tatu akisifu imani ya Kiorthodoksi kwa namna inavyopika maharage. Gyulshen akazungumzia kiti. Tarehe ishirini na tano Machi waliingia kwa Blagovest mwenye hoteli, samaki waliruhusiwa siku hiyo, na Sabri akamwambia mkewe njiani kwamba ameanza kuelewa kwa nini watu hubadili dini. Gyulshen akazungumzia kiti. Waliingia kwa Lazar fundi umeme, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na Chama na mpaka leo hajui ni kiti gani kilichozungumziwa mezani kwake kwa saa nzima, lakini alikubali kwamba Gyulshen anastahili.

Na jambo la ajabu likatokea, au labda si la ajabu. Watu walizoea. Todor aligundua kwamba huyu mwanamke aliyekuwa akimwona nyuma ya ng'ombe waliokufa anasimulia visa vya kuchekesha kuliko mtu yeyote mjini. Mezani walianza kumwachia nafasi yake. Baada ya chakula cha tatu harufu hawakuisikia tena, au waliisikia na wakaiona ni ya mtu wanayemjua. Mkanda wa Sabri uliongezwa tundu. Na kile kilichosemwa kuhusu Spas kwenye mkate wa asali kikaanza kulegea, kwa njia ileile kilivyokazwa, glasi kwa glasi.

Ikafika Jumapili ya Matawi, siku ya wote wenye majina ya maua. Nevena ni jina la ua, kwa hiyo meza ilikuwa kwake. Alimpokea Gyulshen mlangoni, akamvika kichwani taji la matawi ya mti umeao kando ya mto, kama lake mwenyewe. Alikuwa amemuuliza Sabri jina la mkewe lina maana gani, Sabri akamwambia ni bustani ya maua.

"Basi siku hii ni yetu sote wawili," Nevena akasema kwa haya. "Hukuhitaji lile la askari. Nilipaswa kuuliza zamani."

Gyulshen hakutegemea hilo, na ilimbidi ajifanye anatengeneza taji.

Walikula samaki. Walikuwapo wote: Todor, Blagovest, Dokta Haralampi na mkewe, Spas aliyekuwa akizipiga picha sahani. Dokta Haralampi, ambaye tangu siku ya dirisha alikuwa hamtazami Gyulshen machoni, alisubiri samaki waishe, akasimama, akagonga glasi kwa uma. Alisema kwamba mtu anaweza kukosea akiwa na nia njema, na kwamba yeye amekosea, na anaomba radhi mbele ya wote. Ilikuwa hotuba nzuri. Kisha akasema, kwa kuwa wote wapo na wote wanakubaliana, anatangaza hapa mezani kwamba mkuu mpya wa kituo ni Gyulshen.

Wakapiga makofi. Spas alishusha kamera. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyesikia jina lake linafutwa mahali ambapo hakujua liliandikwa lini, maana hata yeye, ukimuuliza, hajawahi kuomba kitu; alipewa akiwa anatafuna mkate, na sasa ananyang'anywa akiwa anatafuna samaki.

Gyulshen alikuwa ameshainuka. Maneno ya shukrani alikuwa amekwisha kuyapanga tangu Februari. Ila kutoka pale alipokuwa, mlango ukiwa wazi kama sheria inavyotaka, aliona geti la Nevena, na getini akapita Demir na mkewe, wamevaa vizuri, Demir ameshika boksi la keki lililofungwa utepe. Demir alipunguza mwendo. Akatazama chini kana kwamba ameangusha kitu. Akasikia makofi. Akasema neno kwa mkewe, na wakaendelea na safari yao kuelekea reli.

Gyulshen aliujua mwendo ule. Aliujua kwa miguu yake mwenyewe. Na aliijua pia hesabu mbaya iliyomjia: katika mapambano yote yale ya haki, kutoka kwa Todor hadi kwa Lazar, hakuna siku aliyomwambia Demir, "Twende."

"Dokta," akasema, "kaa kwanza."

Dokta akakaa.

"Nakitaka kile kiti. Mbinguni na duniani mnajua nakitaka. Lakini kwenye asali mlimpa Spas, leo kwenye samaki mnanipa mimi, na Pasaka itakapofika kwenye mayai mtampa nani? Mimi sitaki kupewa na samaki. Tukae Jumanne, ofisini, mchana kweupe. Kila anayefanya kazi katika Chama awepo, na Demir awepo. Mimi nijieleze, Spas ajieleze, muulize, muamue kwa mikono juu. Nikishindwa, nimeshindwa."

Sabri akamvuta gauni chini ya meza.

"Mwanamke, umeshapewa," akanong'ona. "Pokea, tule keki."

"Kula wewe."

Jumanne walikaa. Mezani palikuwa na maji tu, kwa amri ya Nevena. Wagombea hawakuwa na kura, kwa hiyo kura zilikuwa tatu: ya Dokta, ya Nevena na ya Demir. Demir alikuja na koti la harusi, akakalia ukingo wa kiti, akawatazama kama mtu aliyeitwa polisi. Zaidi ya miaka kumi alikuwa akipita nje ya chumba kile akibeba nguzo za uzio. Ndani alikuwa hajawahi kukaa.

Spas alijieleza kwanza, akasema ana mipango ya kamera na wageni wengi. Gyulshen akasema habari za wachungaji na sumu. Nevena akauliza kuhusu mafuta ya gari, Dokta akauliza kuhusu viota. Kisha Dokta, kwa heshima kubwa kupita kiasi, akamuuliza Demir kama ana swali.

Demir alikohoa. "Ninalo moja. Pikapu ikishashusha mzoga, anaosha nani?"

Spas alisema wataiosha kwa zamu, kila mtu siku yake, na yeye ataanza. Alisema hivyo upesi, kwa sababu hakuwa ameiosha hata siku moja na alidhani ni kama kuosha gari.

"Na wewe, dada Gyulshen?"

"Itakuwa kama siku zote," akasema Gyulshen.

"Siku zote ni mimi."

Hapo Nevena akacheka, akajizuia kwa leso, na kicheko kikatokea puani. Gyulshen alifungua mdomo kujibu. Alitaka kusema kwamba yeye huwa anakimbilia simu nyingine, kwamba mchungaji anangoja, kwamba mbona Demir hakuwahi kusema. Neno hilo la mwisho lilimfika hadi kwenye meno, akalitambua ni la nani. Ndilo walilokuwa wakimwambia yeye. Nyani haoni kundule, na akiwa kiongozi wa mapambano ndio haoni kabisa.

"Nilikuwa naishusha uani, nakwenda," akasema polepole. "Asubuhi naikuta safi. Sikuwahi kujiuliza. Haikupaswa kuwa hivyo, Demir."

"Haikupaswa," Demir akakubali, bila hasira, kama mtu anayethibitisha kwamba mvua imenyesha.

Wakapiga kura. Nevena akanyoosha mkono kwa Gyulshen. Demir akavuta pumzi, akavuta mikono ya koti, na akanyoosha mkono wake kwa Spas, wima, hadi juu, ili usionekane kwa bahati mbaya.

Ikabaki kura ya Dokta Haralampi. Upande mmoja kulikuwa na kijana aliyemshika kwa mikono yake juu ya maji ya ubatizo, na mama wa kijana huyo, ambaye angepiga simu kabla ya saa sita. Upande wa pili kulikuwa na Gyulshen, ambaye angeweza kuwa ameshakikalia kiti tangu Jumapili na badala yake alikuwa amesimama hapo akitoka jasho. Dokta alimtazama Spas. Spas alishusha macho, akatikisa mabega, kisha akasema kitu ambacho kwa maoni yangu kilikuwa cha kwanza cha kiume kutoka kwenye ndevu zile: baba yangu, mimi sijui hata winchi inawashwaje, usiniangalie mimi.

Dokta Haralampi alinyoosha mkono kwa Gyulshen, na mkono wenyewe ukakaa juu.

Mama yake Spas alipiga simu saa tano na nusu.

Sabri alikuwa nje muda wote huo, amejibanza karibu na dirisha. Aliposikia, alimbusu mkewe mbele za watu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wazaliwe watoto, na akauliza kama kuna chakula. Nevena akamwambia kuna maji. Dokta alitoka kwenda kumweleza mama yake Spas, na sauti yake ilisikika kutoka ukumbini ikisema ndiyo mama, najua mama, la hasha mama.

Gyulshen akabaki na Demir, aliyekuwa akilivua koti la harusi na kulikunja kwa uangalifu.

"Hongera, mkuu," Demir akasema. "Mimi sikukupa."

"Nimeona. Mkono mrefu."

"Nilitaka uone."

"Nimeona, nimekwambia."

"Sawa." Demir alilitia koti kwapani. "Basi kesho tuite kikao cha wafanyakazi. Ajenda ya kwanza ni yangu."

"Ipi hiyo?"

"Utaisikia kwenye kikao, pamoja na wengine."

Gyulshen, mkuu wa kituo kwa muda usiofika nusu saa, alitaka kusema kwamba vikao huitwa na mkuu. Alimtazama Demir. Demir alikuwa akingoja, hana haraka.

"Saa ngapi?" akauliza Gyulshen.